Kidonda Hakingoji Mwisho wa Mwezi



Mwenye kuandika haya ana kovu kwenye muundi wa mguu wa kushoto, refu kama kalamu. Lilianza kwa msumari. Ilikuwa Jumatatu, tulikuwa tukipakia masanduku ya mbao kwenye lori, katika kiwanda kimoja cha hapa Bujumbura ambacho sina haja ya kukitaja. Msumari ukanichana. Damu ilikuwa kidogo, hata wenzangu walicheka. Nikaenda kwenye kabati la huduma ya kwanza, nikalikuta limefungwa kwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao msimamizi, na msimamizi alikuwa amekwenda benki. Nikajifunga kitambaa cha kufutia mashine, nikarudi kazini.

Jumanne mguu ulikuwa wa moto. Jumatano ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. Mke wangu akasema twende kituo cha afya, nami nikamjibu kwamba mshahara utatoka baada ya siku sita, tungoje. Ijumaa nikatoka mtoki kinenani, nikaanza kutetemeka kwa baridi mchana kweupe, na sote twajua joto la mji huu. Jirani ndiye aliyenipeleka hospitali. Nililazwa siku kumi na moja, wakaikata nyama iliyokwisha kuoza. Siku hizo hazikulipwa. Dawa ambayo ingetosha siku ya Jumanne bei yake haikufika hata ile niliyolipa kwa usafiri wa Ijumaa.

Basi nilipoambiwa niandike juu ya maradhi ya kuambukiza ya ngozi, nilikubali kwa sababu ya mguu huu. Mimi si mganga. Yanayohusu dawa humu ni yale ambayo waganga na wauguzi huyafundisha kila siku, na msomaji akikuta mganga wake amemwambia vingine kwa hali yake mwenyewe, amsikilize mganga wake.

ADUI HUINGILIA WAPI

Ngozi ni ukuta wa nyumba. Vijidudu tunavyoviogopa havitoki mbali: vile viitwavyo stafilokoki hukaa puani na juu ya ngozi za watu wengi wazima wasioumwa kitu, na streptokoki hukaa kooni kwa baadhi ya watu. Havina nguvu mpaka vipate ufa. Kwa mkata miwa wa Moso ufa ni jani lililomchana mkono. Kwa mchuma chai wa Teza au Rwegura ni mikwaruzo ya vijiti na miguu iliyoloa tangu alfajiri. Kwa mlima mpunga wa bonde la Imbo ni ngozi laini kati ya vidole vya mguu, iliyolowa majini mpaka ikapasuka. Kwa wa kiwandani ni waya, msumari, bati, chupa iliyovunjika.

Mwaka 1941, katika mji wa Oxford huko Uingereza, alikuwako polisi mmoja, Albert Alexander. Jeraha dogo usoni liliingia vijidudu, likamla mpaka akapoteza jicho moja. Madaktari wakampa dawa mpya ambayo ilikuwa bado inafanyiwa majaribio, penisilini. Kwa siku chache akapata nafuu ya ajabu: homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa yote iliyokuwapo ilikuwa kidogo mno. Walifika hata kuichuja kutoka katika mkojo wake ili wampe tena. Ikaisha, naye akafa mwezi wa Machi. Leo dawa za jamii hiyo zipo katika vituo vyetu vya afya. Kinachotuua sisi si upungufu ule wa Oxford, mara nyingi ni kule kungoja.

TAMBAZI

Ugonjwa ulionipata mimi wazee huuita tambazi, kwa sababu unatambaa. Hauna kichwa kama jipu. Ni uvimbe ulioenea, wenye joto, unaouma ukiguswa, na kila saa mpaka wake husogea. Aghalabu huwa mguuni, na mguu mmoja tu. Miguu yote miwili ikivimba bila joto wala maumivu, huenda ni jambo jingine, la moyo au la figo, na mganga aulizwe.

Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya vinasema tazama wekundu. Wekundu huo juu ya ngozi nyeusi mara nyingi hauonekani. Utaona weusi uliozidi, au rangi ya zambarau, au mng'ao kama ngozi iliyopakwa mafuta. Kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya mguu unaouma, kisha juu ya ule mzima, upime joto. Bonyeza polepole, uone pako wapi maumivu yanapokoma.

Hapo chukua kalamu ya wino, chora mstari kuzunguka mpaka wa uvimbe, andika na saa. Jambo hili halina gharama, na hata mahospitalini hufanywa. Uvimbe ukivuka mstari, una habari ya hakika ya kumwambia mganga, si "naona kama umeongezeka."

Tambazi haitibiwi nyumbani kwa majani wala kwa maji ya chumvi. Inataka dawa za kuua bakteria, zilizoandikwa na mganga kwa kipimo cha uzito na hali yako, na zimezwe mpaka zimalizike hata kama siku ya tatu unajiona mzima. Nyumbani utasaidia kwa kulala na mguu umeinuliwa juu ya mto au furushi la nguo, kwa sababu mguu unaoning'inia hauachi kuvimba. Na tafuta ule ufa ulioingiza ugonjwa. Wengi hupona tambazi, kisha ikarudi baada ya miezi, kwa kuwa hawakutibu fangasi za kati ya vidole.

Sasa sikilizeni vizuri. Ziko dalili ambazo hazingoji hata asubuhi. Maumivu makali kupita kiasi, yasiyolingana na kidonda kidogo kinachoonekana. Ngozi inayogeuka rangi ya majivu au nyeusi, au inayotoa malengelenge yenye maji meusi. Uvimbe unaotambaa ukiutazama, saa kwa saa. Mahali palipokuwa panauma sana pakafa ganzi. Mgonjwa anayehema haraka, anayesema maneno yasiyoeleweka, anayepoteza nguvu. Huo ni ugonjwa wa kuoza nyama kwa ndani, na dawa yake ya kwanza ni kisu cha daktari wa upasuaji. Mpelekeni usiku huo huo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, kama Prince Régent Charles au ile ya chuo kikuu huko Kamenge, wala msianze kwanza kwa mwenye kuuza vidonge. Vilevile uvimbe wenye joto kuzunguka jicho, na uvimbe wowote wa namna hii kwa mwenye kisukari au kwa mtoto mchanga, usilale nao.

Na kwa kila jeraha la udongo, samadi au chuma, ulizeni sindano ya pepopunda. Wake zetu huchanjwa wanapokuwa wajawazito. Wanaume wengi sindano yao ya mwisho ilikuwa utotoni, nao hawajui. Osha jeraha mara moja kwa maji safi mengi na sabuni, bila haraka, mpaka mchanga wote utoke. Usimwagie petroli wala maji ya betri, usipake dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe, na usifungue kapsuli za rangi mbili ukanyunyiza unga wake. Unga ule hauponyi kidonda. Hutengeneza gaga la juu, na usaha ukabaki chini yake.

JIPU

Juu ya jipu sitasema mengi. Likiwa dogo, kanda kwa kitambaa safi cha maji ya moto ya kuvumilika, mara tatu au nne kwa siku, litaiva na kupasuka lenyewe. Usiliminye. Hasa lile la puani au la mdomo wa juu usiliguse kabisa, maana mishipa ya hapo ina njia ya kwenda kichwani. Likiwa kubwa linataka kutumbuliwa na mganga kwa chombo safi. Vidonge peke yake havitoi usaha. Na mtu ambaye majipu yanamrudia kila mara aombe apimwe sukari ya damu, na virusi vya ukimwi pia, bila aibu.

UPELE, AMBAO HAUNA MTU MMOJA

Katika kambi za mashamba ndipo ugonjwa huu unapotawala, na katika vyumba vya Buyenzi, Kinama na Kamenge ambamo watu sita hulala mkeka mmoja. Upele husababishwa na kidudu kidogo sana ambacho jike lake huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai. Utautambua kwa kuwashwa kunakozidi usiku, na kwa mahali pake: kati ya vidole vya mkono, kwenye vifundo, viwiko, makwapa, kiunoni, matakoni, kwa mwanamume sehemu zake za siri, kwa mwanamke kuzunguka chuchu. Kwa watoto wachanga hata viganja, nyayo na kichwa.

Watu husema upele ni uchafu. Si kweli. Ni kugusana kwa muda mrefu na kulala pamoja. Mtu anayeoga mara mbili kwa siku ataupata akilala na mwenye nao. Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2017 katika orodha yake ya maradhi yaliyosahauliwa, na ni kweli ulikuwa umesahauliwa, kwa sababu ni ugonjwa wa wanaolala wengi chumbani.

Tatizo lake ni hili. Mtu aliyeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne mpaka sita hajawashwa, na siku zote hizo anawapa wenzake. Kwa hiyo ukimtibu Petro peke yake kwa sababu ndiye anayejikuna, Petro atapona na wiki tatu baadaye atarudishiwa na ndugu zake. Tibuni wote wa chumba kimoja, wanaojikuna na wasiojikuna, jioni ile ile.

Dawa zipo za kupaka: benzili benzoeti, ambayo ndiyo ya bei rahisi na huchoma kidogo, na permetrini. Hupakwa mwili mzima kutoka shingoni mpaka nyayo, si pale panapowasha tu. Kati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri. Kwa watoto wadogo mwuguzi ataonyesha jinsi ya kupunguza ukali wake kwa maji na jinsi ya kupaka kichwani. Permetrini hukaa usiku kucha, ikaoshwa asubuhi, ikarudiwa baada ya wiki moja au mbili. Benzili benzoeti ina utaratibu wake, fuata wa mganga. Ukinawa mikono kabla ya saa kutimia, paka tena mikononi. Kuna na vidonge vya ivermektini, lakini mjamzito na mtoto wa chini ya kilo 15 hawapewi. Watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika vituo vya serikali tangu mwaka 2006, basi msiwaache nyuma kwa kuogopa gharama.

Nguo na mashuka ya siku tatu zilizopita yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Blanketi lisilofulika lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki siku saba. Kidudu hakiishi siku nyingi nje ya mwili wa mtu.

Baada ya dawa kuwashwa huendelea wiki mbili mpaka nne. Hapo wengi hudanganyika. Husema dawa imeshindwa, hupaka tena na tena kila siku mpaka ngozi ikaungua. Vidudu vimekwisha kufa. Mwili ndio unaomalizia hasira yake. Lakini vikitokea vipele vipya baada ya mwezi, rudini kwa mganga. Na mtoto mwenye upele uliokunwa mpaka ukatoa usaha na magaga ya rangi ya asali atibiwe upesi, maana streptokoki wa ngozini huweza kuzidhuru figo. Akivimba uso asubuhi na mkojo wake ukawa kama chai ya rangi, ni hospitali.

TYUBU INAYODANGANYA

Fangasi, wengine huita choa au mashilingi, ni duara lenye ukingo uliotuna na magamba, katikati pakiwa kama pamepona. Kwenye kinena na kiunoni huwapata sana wanaovaa suruali nzito mbele ya mashine za joto. Kati ya vidole huwapata wenye buti za mpira. Kichwani huwapata watoto, nywele zikakatika, na hiyo ya kichwani haiponi kwa kupaka, inataka vidonge vya wiki kadhaa.

Ya mwilini hupona kwa klotrimazoli au kwa mafuta ya zamani ya Whitfield, mara mbili kila siku, wiki mbili mpaka nne, na uendelee wiki nzima baada ya ngozi kuonekana safi. Ni dawa za bei ndogo. Tena vua buti saa ya mapumziko, kausha kati ya vidole, usivae soksi mbichi.

Lakini nenda sokoni useme unawashwa. Utapewa tyubu nzuri yenye jina la Kifaransa au la Kiingereza, na ukipaka, kuwashwa kutaisha jioni hiyo hiyo. Utamsifu muuzaji. Tyubu ile mara nyingi ina klobetasoli au betametazoni, dawa ambazo kazi yake ni kuuzima mwili usipigane. Kuwashwa kumekoma kwa sababu askari wamelazwa usingizi, na fangasi huku nyuma imepata shamba. Baada ya mwezi duara limekuwa nchi nzima, halina tena ukingo wa kutambulika, hata mganga hupata taabu kusema ni nini. Ni tyubu hizo hizo ambazo wengine hujipaka usoni ili wawe weupe, ngozi ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara. Dada zangu wataniwia radhi, hata wanaume siku hizi wamo. Ukinunua dawa ya ngozi, soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo, si jina kubwa la biashara. Likiwa na klobetasoli nawe una fangasi, rudisha.

Si kila kinachowasha ni maambukizo, hata hivyo. Mikono ya mwenye kuchanganya simenti au rangi za nguo hupasuka kwa kemikali. Huyo hahitaji dawa ya fangasi. Anahitaji glovu.

MWAKA WA NDUI YA NYANI

Tarehe 25 Julai 2024 serikali ilitangaza kwamba ndui ya nyani, au mpox, imeingia Burundi. Namna ile ya virusi ilikuwa imegunduliwa mwaka uliotangulia huko Kamituga, Kivu ya Kusini, mji wa wachimba dhahabu, na kutoka huko kuja Uvira na Gatumba ni njia ya kila siku kwa wafanyabiashara na vibarua. Mnamo 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura, ambayo iliondolewa 5 Septemba 2025. Baada ya Kongo, nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizopatwa zaidi, na Bujumbura ilikuwa katikati ya mambo.

Kuondolewa kwa dharura si kwisha kwa ugonjwa. Huanza kwa homa, kuumwa kichwa na mgongo, na mitoki shingoni, kwapani au kinenani. Kisha vipele vinavyojaa maji halafu usaha, vigumu ukivigusa, mara nyingi usoni, viganjani, nyayoni na sehemu za siri. Upele wa kawaida hauleti homa. Hiyo ni tofauti kubwa. Tetekuwanga huwa na vipele vya kila umri mahali pamoja, vipya na vikavu, wakati vya mpox mahali pamoja huelekea kukua kwa pamoja. Lakini macho ya mtu yasitosheke na haya, kipimo ndicho kinachohukumu.

Huambukiza kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kwa kujamiiana, kwa shuka na taulo. Mgonjwa hujitenga mpaka magaga yote yadondoke na ngozi mpya ifunge chini yake, kwa kawaida wiki mbili mpaka nne. Wengi hupona kwa dawa za maumivu na usafi wa vidonda. Watoto, wajawazito na wenye upungufu wa kinga ndio walio katika hatari, na kipele kikiingia jichoni ni haraka hospitali. Wiki nne bila kazi kwa kibarua wa kutwa ni njaa, na ndiyo sababu watu walificha vipele ndani ya mikono mirefu ya shati. Tukiwa tumekaa kimya juu ya ujira wa mtu aliyetengwa kwa amri ya mganga, tusishangae akija kazini.

Neno moja tu juu ya ukoma, kwa kuwa bado upo. Baka lisilowasha, lililopauka au la rangi ya shaba, ambalo ukiligusa kwa pamba hulisikii. Dawa zake ni bure duniani kote tangu 1995, humezwa miezi sita au kumi na miwili, na mgonjwa akishaanza hachukui muda kuacha kuambukiza. Kinachokata vidole ni kuchelewa.

UFUNGUO

Jeraha ulilopata kazini ni ajali ya kazi, hata likiwa la msumari, na ajali za kazi zimo katika yale ambayo INSS inayasimamia kwa wafanyakazi walioandikishwa. Mwulize mwajiri kama umeandikishwa. Usingoje mpaka ulazwe. Mwezi wa Juni 2022 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sawa na haki ya kujiunga na chama. Maji, sabuni, buti zisizotoboka na glovu si zawadi ya kapita.

Sisi, mwaka uliofuata ugonjwa wangu, wajumbe wetu walikwenda ofisini na madai mengi, na moja likakubaliwa siku hiyo hiyo: kufuli la kabati liondolewe. Sasa kabati liko wazi karibu na mlango wa ghala. Ndani mna sabuni, bandeji, glovu, chupa ya dawa ya kuoshea, na daftari lililofungwa kwa kamba pamoja na kalamu. Kila anayeumia huandika jina, tarehe, saa, na kilichomkata, na mwenzake hutia sahihi kuwa ameona. Wiki ya kwanza yaliandikwa majina saba. Msimamizi alilisoma daftari akiwa amesimama, akarudia kulisoma tangu mwanzo, kisha akauliza kama watu hawa wote wanafanya kazi hapa.